Mwalimu Aliyeng'oa Magugu Maji

Watu wa Kambi ya Chini wakimtaja Mwalimu leo, humtaja akiwa amesimama majini hadi magotini, kitenge kimefungwa juu ya gauni, reki ya meno marefu mkononi, akivuta magugu maji kutoka bwawani na kuyarundika ukingoni. Ndivyo walivyomzoea kwa miaka mingi. Kulipokucha alikuwa ameshafika, na jua lilipoanza kuchoma alirudi nyumbani, miguu imejaa matope na vijimizizi vyeusi, akimsalimia kila aliyekutana naye kwa jina lake kamili, kama anayeita mahudhurio. Wengine walimhurumia, wengine walimcheka. Alichokiondoa wiki hii, baada ya wiki mbili kilikuwa kimerudi.

Mimi nilimjua kabla ya reki. Nilimjua alipokuwa na viatu vyeusi vinavyong'aa na chaki kwenye nywele, akitufundisha sayansi darasa la tano. Na nilijua jambo ambalo kijiji hakikulijua: gugu lile alilileta yeye. Nililijua kwa sababu nilikuwa mmoja wa wawili waliolibeba kwenda kulimwaga.

Kambi ya Chini ni kijiji kilichobaki baada ya shamba la mkonge kufa, upande wa Maramba, mahali ambapo tambarare inaanza kupanda vilima. Babu zetu waliletwa pale manamba, kutoka Songea, kutoka Iringa, kutoka Tabora, kukata mkonge. Mkonge ulipokwisha, korona, ile mashine ya kusaga majani, ikanyamaza, na wenye shamba wakaondoka. Tulibaki sisi, makanisa mawili, msikiti mmoja wa ndugu zetu Wadigo, shule, na bwawa. Bwawa lilichimbwa ili kupata maji ya kuoshea katani. Upande wake wa juu palikuwa na marundo ya makapi ya mkonge yaliyooza miaka na miaka, na kila mvua iliponyesha uozo ule uliteremka majini. Maji yake yalikuwa na rutuba kupita shamba lolote. Hilo Mwalimu ndiye aliyetufundisha, ingawa hakulifikiria siku lilipohitajika kufikiriwa.

Alikotoka hakukusema sana. Tulijua ni Lushoto kwa sababu alipohesabu madaftari alihesabu kwa Kishambaa, kwa sauti ya chini, akidhani hatumsikii. Mumewe alikuwa karani wa shamba na alifariki kabla sijaanza shule. Hakuwa na mtoto. Alikuwa na maua. Yalijaa mbele ya nyumba yake, nyuma ya nyumba, kwenye makopo ya rangi yaliyotobolewa chini, kwenye beseni lililopasuka. Mama yangu alikuwa akisema, "Mwalimu akikutembelea, ficha sufuria zako, atazipandia."

Hakuwa mtu wa fimbo. Ukimkosea, alikuweka mbele ya kitu, jani au konokono au jiwe, na kukuambia ukitazame mpaka kengele ilie, kisha uandike. Msemo wake ulikuwa mmoja na tuliuchoka: "Andika ulichokiona, si ulichokisikia." Mtoto akiandika kwamba popo ni ndege wa shetani, alirudishiwa daftari lake limepigwa mstari mwekundu, na pembeni pameandikwa: Ulimwona shetani?

Lakini mtu huyohuyo alikuwa akinunua tarabizuna, dawa ya kufukuza nyoka, kwa bibi mmoja Mdigo, na aliificha chini ya godoro. Tuliiona siku tulipomsaidia kuhama nyumba. Alituangalia, akasema, "Hii ni ya kunukia." Hatukuthubutu kucheka.

Ua lile alilitoa Korogwe. Alikwenda kumwona dada yake, na kwenye maji yaliyotuama karibu na mto Pangani akakuta mimea inaelea, majani mazito yanayong'aa, mashina yamevimba kama vitunguu, na juu yake ua la zambarau lenye jicho la njano. Alirudi nayo miwili, imefungwa ndani ya gazeti lililolowa. Akaiweka kwenye karai la maji nje ya darasa letu. Somo lilikuwa mimea inayoelea. Alipasua shina moja kwa wembe na kutuonyesha matundu madogo ya hewa ndani yake. "Hili ndilo boya lake," akasema. "Limejitengenezea lenyewe."

Mwezi haukuisha, karai likajaa. Miche ilizaa miche mingine kwenye vijikamba, mama na binti wameshikana mikono. Akahamishia kwenye pipa. Pipa likajaa. Ilipofika karibu na likizo, mwalimu mkuu alilalamika kwamba mbu wamezidi, karai na pipa vimwagwe. Mwalimu hakuwa na moyo wa kuacha ua likauke juani. Alituita mimi na Agata.

Agata alikuwa rafiki yangu. Kwao na kwetu palitenganishwa na ua wa michongoma tu, na tulikuwa tumeupasua tundu la kupitia. Yeye Mkatoliki, mimi Mlutheri, kwa hiyo Jumapili ndiyo siku pekee tuliyoachana.

"Chukueni ndoo hii," Mwalimu akasema. "Kayamwageni bwawani, yapate nafasi."

Tulikwenda. Tukamwaga. Nilikuwa na miaka kumi na moja.

Sasa nitasema jambo ambalo watu wa kwetu hawapendi kulikumbuka. Mwanzoni tulifurahi. Kulipochanua mara ya kwanza, sehemu ya bwawa ikawa zambarau, na vijana waliopiga picha za harusi zao walishuka kupigia pale. Siku ya shukrani ya mavuno Mwalimu mwenyewe alibeba shada la maua yale hadi altareni, akayapanga kwenye jagi la kioo. Mchungaji aliyasifu. Maua yalinyauka kabla ibada haijaisha. Nakumbuka yakiinama moja moja wakati wa mahubiri, na Mwalimu akiyatazama kwa mshangao.

Mtu wa kwanza kulalamika alikuwa Khatibu. Huyu alikuwa Mpemba, aliyehamia kwetu na mkewe, akalima mpunga kwenye bonde lililo chini ya bwawa. Wapemba wanaujua mpunga. Bonde ambalo sisi tuliliona la kuchungia mbuzi, yeye alilikata majaruba, akachimba mfereji kutoka bwawani, na msimu wa pili akawa anawauzia mchele hata watu wa Maramba. Jioni alivua perege na kambare kwa mtumbwi mdogo alioununua Pangani na kuuleta juu ya lori la mbao. Alikuwa mpole, mfupi, mwenye kikohozi cha kudumu. Alikwenda ofisi ya kijiji kusema kwamba gugu linaziba mfereji wake na samaki wanakufa kwa kukosa hewa. Aliambiwa asubiri wataalamu. Alisubiri. Gugu halikusubiri.

Baada ya miaka saba au minane, bwawa halikuonekana tena. Palikuwa na uwanja wa kijani, tambarare, mzuri, mgeni angedhani anaweza kupigia mpira. Na uwanja ule ulitembea. Upepo wa kaskazi ukivuma ulijikusanya upande wa korona. Upepo ukigeuka, unauona asubuhi upande wa shule, na maji meusi yamebaki wazi mahali ambapo jana palikuwa kijani. Bibi zetu wakaanza kusema bwawa linahama, na bwawa linalohama lina mwenyewe. Mbaya zaidi, kingo zilifunikwa. Hukujua tena nchi kavu inaishia wapi.

Agata alikuwa na miaka kumi na tisa. Ilikuwa asubuhi, saa nne hivi, nami nilikuwa nikiteremka njia ya bwawani na ndoo zangu. Niliona mbuzi wa kwao, jike jeupe, amesimama juu ya kijani akitafuna. Mbuzi ni mwepesi, gugu lilimbeba. Agata alikuwa nyuma yake na kamba, akimwita kwa kubembeleza. Alinipungia mkono.

"Ngoja nimtoe huyu mjinga," akasema, "twende pamoja."

Akapiga hatua mbili. Ya tatu haikupata kitu.

Hakupiga kelele. Nimeulizwa mara nyingi, na jibu ni hilo: hakupiga kelele. Kijani kilifunguka, kikamchukua, kikajifunga. Mbuzi alitimka hadi ukingoni, akatoka. Mimi ndiye niliyepiga kelele.

Khatibu alikuja mbio kutoka mpungani. Aliusukuma mtumbwi juu ya gugu, lakini mtumbwi haukukata, ulikaa juu yake kama juu ya godoro. Akashuka, akajifunga kamba kiunoni, akatupa ncha yake kwa wanaume waliofika, akazama mara kadhaa mahali nilipomwonyesha. Alitoka na mizizi shingoni, anatapika. Siku ile na ya pili walitafuta palepale. Hawakujua kwamba uwanja ulikuwa umesogea, na kwamba ulisogea naye. Siku ya tatu upepo uligeuka, na alionekana upande wa shule, chini ya madirisha ya darasa la tano.

Mwalimu alikuwa ndani anafundisha. Aliwatoa watoto kwa mlango wa nyuma, akawaambia waimbe, wasimame nyuma ya jengo na waimbe kwa nguvu. Waliimba nyimbo zote walizozijua. Yeye akatoka peke yake, akavua kitenge chake, akaenda kumfunika Agata.

Baada ya matanga uliitishwa mkutano wa kijiji. Watu walikuwa na hasira, na hasira inatafuta pa kukaa. Mwenyekiti aliuliza gugu lilitoka wapi. Mmoja akasema mtumbwi wa Mpemba ulitoka Pangani, na huko ndiko gugu liliko. Mwingine akasema, "Mbona yeye ndiye aliyejua mapema kwamba litazidi?" Mwingine akauliza mbona alizama mara nyingi namna ile asife. Lilipofika hapo, nilijua limekwisha.

Khatibu alisimamishwa.

"Bwana Khatibu, una la kusema?"

Alitazama watu. Akamtazama Mama Agata, aliyekaa chini na kanga nyeusi kichwani, amepakatwa na dada zake. Akakohoa.

"Sina," akasema.

Mwalimu alikuwa katibu wa mkutano. Alikuwa mezani, mbele kabisa, kalamu mkononi. Nilimtazama nikingoja aseme. Nadhani naye alikuwa akinitazama mimi. Sote wawili tulikuwa na neno moja, na kila mmoja alimwachia mwenzake. Kesho yake muhtasari ulibandikwa kwenye ubao wa ofisi kwa mwandiko wake, ule mwandiko mzuri uliotufundisha kuandika: Imethibitika kwamba gugu lililetwa na mtumbwi wa Bwana Khatibu. Yeye aliyetupiga mistari myekundu miaka yote, aliandika alichokisikia.

Mtumbwi ulichomwa moto siku hiyohiyo mchana. Khatibu na mkewe waliondoka na lori la mbao kama walivyokuja. Mpunga wao ulibaki bondeni umeiva nusu, na ndege wakaumaliza.

Wiki iliyofuata ndipo Mwalimu alipoonekana majini kwa mara ya kwanza na reki.

Nimesikia watu wakimweleza kama mtakatifu. Hakuwa mtakatifu. Alikuwa mkali zaidi baada ya kifo kile, na mwenye kisirani. Ulipokuja mradi wa kuwafundisha wanawake kusuka vikapu na makawa kwa mashina makavu ya gugu, yeye peke yake alikataa. Walimwomba awe mwenyekiti wa kikundi. Akawaambia, "Sitaki kitu kile kipate faida." Mama mmoja akajibu kwamba kikapu hakina kosa. Mwalimu hakumsemesha mama yule miezi mitatu.

Maua yake yote aliyang'oa, kisha akaanza upya, lakini safari hii alipanda mawaridi tu, na mawaridi kwa joto la kwetu ni kazi ya kubembeleza usiku na mchana. Yalikufa, akapanda mengine. Nilimuuliza mama kwa nini asipande asumini, inayostawi yenyewe. Mama akasema, "Mwulize mwenyewe." Sikumuuliza.

Hakuwahi kuligeuzia bwawa mgongo. Akimaliza kazi alitoka majini kinyumenyume, akitafuta ukingo kwa kisigino. Watu walisema ni kwa sababu ya mzimu wa Agata. Wanawake wa kijiji kweli hawakwenda pale mmoja mmoja. Walisema maji yakitulia utasikia mtu akimwita mbuzi kwa kubembeleza. Mwalimu alipoambiwa hayo alikasirika. "Mizimu haipo," akasema, "kuna gesi inayotoka kwenye uozo." Halafu akaomba ahamishiwe kiti chake kanisani, akae mahali ambapo dirisha haliangalii bondeni.

Kila Alhamisi alipeleka mboga kwa Mama Agata. Mchicha, kisamvu, bilinganya. Alikaa kibarazani robo saa, wakazungumza habari za mvua na bei ya sukari, akaondoka. Mama Agata alimpenda. Alisema hakuna mtu aliyemkumbuka mwanawe kama Mwalimu.

Maji yalimwingia. Daktari alisema kichocho, kwa sababu konokono wake hupenda kujificha kwenye mizizi ile, jambo ambalo Mwalimu alilijua na alilifundisha. Akatumia dawa, akapona, akarudi majini, akaugua tena. Nilipomwona Pasaka moja alikuwa amekonda, tumbo limejaa, uso una rangi ya majivu.

Mimi wakati huo nilikuwa nimeshahamia Tanga. Ni fundi cherehani, nina chumba cha kazi Makorora. Nilikuwa nikienda nyumbani kwa nadra, na nilipokwenda nilipita njia ya juu ili nisikutane naye. Tulikuwa tukiogopana, kama watu wawili waliowahi kuonana uchi. Nilipokutana naye hata hivyo, nilimpa heshima yake.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo."

Na jina langu kamili, majina yote matatu. Basi.

Mwaka uliopita, siku ya Ijumaa asubuhi, nilikuwa nikikata kitambaa cha sare nikasikia hodi. Alikuwa amesimama mlangoni, amevaa viatu vyake vyeusi. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomkumbuka, na alishikilia mwimo wa mlango.

Sikumaliza kumwamkia.

"Khatibu yuko Tongoni," akasema. "Hakurudi Pemba. Nimepata habari kwa mtu anayenunua samaki kule. Nataka kwenda, na sitaki kwenda peke yangu."

Niliweka mkasi chini. Tulipanda bajaji. Njiani hakusema kitu isipokuwa kumwuliza dereva alisoma shule gani, na kama walikuwa na mwalimu wa sayansi.

Tongoni tulipita njia ya magofu, tukateremka hadi pwani. Maji yalikuwa yamekupwa. Tulimkuta Khatibu nyuma ya nyumba ya makuti, anatandaza mwani juu ya chanja ili ukauke. Alikuwa mzee kabisa, jicho moja limeingia ukungu. Kikohozi ndicho kilichonithibitishia. 

"Asalaam aleikum," Mwalimu akasema, ingawa si Mwislamu.

"Waaleikum salaam," akajibu. "Mwalimu. Karibuni kitako."

Tulikaa kwenye mkeka. Mwalimu hakungoja maji ya kunywa. Alisema yote kwa mfululizo: Korogwe, karai, pipa, ndoo, mkutano, muhtasari. Aliyasema akimtazama usoni, mikono imekaa magotini. Alipomaliza akasema, "Nimekuja kukuomba radhi, nikijua haitoshi."

Khatibu aliendelea kuchambua mwani. Alikuwa akitoa takataka moja moja na kuziweka pembeni.

"Miye n'liwaona," akasema.

"Uliwaona nani?"

"Watoto. Wawili, na ndoo. N'likuwa kwenye mtumbwi, upande wa matete. Wanamwaga huku wanacheka." Akaninyooshea kidole bila kunitazama. "Mmoja huyu hapa. Mwengine ndiye aliyekufa."



"Baba," nikasema, "mbona hukusema pale mkutanoni?"

"Mbele ya mamake?" Akageuka sasa, akanitazama kwa jicho lake zima. "N'mwambie mwanao kaburi kalibeba mwenyewe kwa ndoo? Matanga hata hayajapoa?"

Mwalimu alijifunika mdomo kwa ncha ya kitenge.

"Msidhani n'mesamehe kwa kuwa n'linyamaza," Khatibu akaendelea, na sauti yake haikupanda hata kidogo. "Mke wangu alikataa kurudi kwetu na sifa ile. Alisema Pemba ndogo, maneno yatatutangulia. Tukaishia hapa, na hapa ndipo n'lipomzika. Alikuwa akin'uliza, kwa nini hukujitetea? Na yeye pia sikumwambia. N'liogopa atakwenda kusema."

"Nifanye nini?" Mwalimu akauliza.

"Kule uliandika," akasema. "Kaandike tena."

Hakutupa mkono wa kwaheri, lakini alitufungia mwani kidogo kwenye mfuko na kutuelekeza tuuchemshe, unafaa kwa tumbo. Mwalimu aliubeba mapajani njia yote.

Barua yake ilisomwa kwenye mkutano wa kijiji mwezi uliofuata, na ule muhtasari wa zamani ukasahihishwa kwa mwandiko wake mwenyewe. Wapo waliomtukana. Wapo waliosema ameshazeeka, hajui anachosema. Nakala ya karatasi ile ilipelekwa Tongoni. Nilipoipeleka, Khatibu aliomba asomewe mara mbili, kisha akaikunja na kuiweka ndani ya kofia yake.

Lakini kabla ya barua palikuwa na Mama Agata. Siku ileile tuliyotoka Tongoni, Mwalimu hakutaka kushuka Tanga. Alisema tuunge safari moja kwa moja hadi Kambi ya Chini. Nikamwambia, "Mwalimu, mama yake akisikia tulikuwa na Agata itamvunja."

"Hatasikia," akasema. "Nitasema nilimwaga mimi."

Tulimkuta Mama Agata kibarazani anachambua mchele. Alifurahi, akatuletea vigoda, akatumiminia chai. Mwalimu hakuigusa. Alisema gugu alilileta yeye, na kwamba alilibeba mwenyewe hadi bwawani, akalimwaga kwa mikono yake, na kwamba Khatibu hakuwa na hatia hata chembe.

Mama Agata aliacha kuchambua.

"Peke yako?"

"Peke yangu."

Nilimwona Mwalimu akidanganya kwa mara ya kwanza kwa mdomo wake, na alidanganya kwa ajili yangu, na mgongo wake ulikuwa umenyooka. Ningeweza kunyamaza. Nilikuwa nimeshazoea.

"Si kweli, mama," nikasema. "Alitutuma. Tulimwaga mimi na Agata."

Hakulia. Aliuweka ungo chini polepole, mchele usimwagike.  Kisha akaniuliza jambo ambalo sikulitarajia.

"Alikuwa anacheka?"

"Nani, mama?"

"Mwanangu. Mlipokuwa na ndoo."

"Alicheka njia nzima. Ndoo ilikuwa nzito, maji yaliturukia miguuni."

"Niambie vizuri," akasema. "Anza mlipotoka shuleni."

Nikaanza. Nilimwambia kwamba Agata alishika kwa mkono wa kulia kwa sababu mkono wake wa kushoto ulikuwa na kidonda cha kuungua na chai. Nilimwambia tulipumzika mara mbili, na kwamba aliimba wimbo wa kwaya ya kwao akikosea maneno makusudi. Nilimwambia alivyochomoa ua moja kabla ya kumwaga, akalichomeka kwenye tundu la kifungo cha shati. Kila nilipofikia mwisho aliniuliza kitu kingine: sketi ilikuwa ipi, viatu alikuwa navyo, alimtaja yeye mama yake. Nilikuwa na yote. Nilikuwa nimeyabeba miaka yote ile na sikujua kwamba kuna mtu aliyeyahitaji.

Nilipokauka, akamgeukia Mwalimu.

"Na wewe? Darasani siku ile alikuwaje?"

Mwalimu alikuwa ameinamisha kichwa. 

"Aliuliza swali," akasema.

"Swali gani?"

"Lile ua lilikuwa kwenye pipa. Nikawaambia halishiki udongo, linaelea maisha yake yote. Akanyoosha mkono. Akauliza, 'Mwalimu, likichoka kuelea linakwenda wapi?'"

Mama Agata alimsogelea, magoti yao yakagusana.

"Ukamjibu?"

"Kengele ilikuwa imelia," Mwalimu akasema. "Nikamwambia nitamjibu kesho."